Redio ya tonado: ina makelele, inaudhi, na siirudishi dukani

Nyota 4 kwa 5. Hiyo moja niliyokata nitaeleza huko mbele maana sio kosa dogo.

Tuko Garland, pembeni ya Dallas, jimbo la Texas, Marekani, apatimenti ghorofa ya pili, mimi, mama Zuhura, watoto wawili na mama mkwe ambaye alikuja kutusalimia na Mungu akipenda bado yupo. Hii redio tunayo springi ya pili sasa, yaani yale majira baada ya baridi ambayo tonado, vile vimbunga vya kuzunguka kama faneli, zinakuwa nyingi. Sio redio ya muziki, usije ukanunua ukidhani utasikilizia taarabu, ni kidude cheusi cha mezani ukubwa wa nusu tofali na kazi yake ni moja tu, kushika stesheni za hali ya hewa za NOAA, shirika la serikali ya Marekani, masafa yenyewe yako 7 kuanzia megahezi 162.400 mpaka 162.550, basi. Inakaa kimya wiki, inakaa kimya mwezi, unaisahau kabisa unaanza kuiwekea vikombe juu, halafu siku idara ya hali ya hewa ikitoa onyo kwenye kaunti yako inajiwasha yenyewe inapiga ukelele ambao sijui niufananishe na nini, mtoto wangu mdogo aliusikia mara ya kwanza akaingia chini ya meza na uji mkononi.

Jina la kampuni siandiki, nina ugomvi nao kidogo, na isitoshe hizi za dola 30 mpaka 50 zinafanana sana. Angalia tu kwenye boksi iwe imeandikwa SAME, yaani inajua kuchagua maonyo ya kaunti yako tu. Hilo ndio neno la kutafuta, lingine lote ni mapambo.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilianza kwa kuliwa. Redio yangu ya kwanza ilikuwa ile ya kuzungusha mkono, unaijua, nyekundu, ina tochi, ina kipande cha sola mgongoni, ina filimbi, ina kila kitu mpaka dira. Nikaona hapa nimemaliza. Kumbe ile ukitaka kusikia hali ya hewa lazima uiwashe mwenyewe! Sasa saa nane usiku nimelala nani ataiwasha? Haina akili ya kujua mimi niko kaunti gani, haiamshi mtu, ile sola ukiiweka dirishani siku nzima inakupa chaji ya kukohoa tu. Sikuitupa lakini, iko kwenye mkoba wa dharura kule kabatini maana tochi yake nzuri na umeme ukikatika siku mbili unazungusha unapata habari. Ila kama una hela ya redio moja tu, usianze na hiyo.

Turudi kwa hii ya mezani. Kuiseti ndio mtihani. Kioo chake kinaonyesha mstari mmoja tu wa maandishi, vibonye vya mshale vinne na kibonye cha menyu, na kile kitabu cha maelezo kimeandikwa herufi za sisimizi. Unatakiwa uingize namba 6 za kaunti yako. Ya kwanza sifuri, halafu mbili za jimbo, Texas ni 48, halafu tatu za kaunti. Mimi kwa uvivu sikutafuta, nikampigia jamaa yangu anaishi Arlington, nikamwambia nitumie namba uliyoweka kwenye yako, akanitumia 048439, nikaingiza, ikakubali, nikalala usingizi wa haki.

Wiki tatu redio ikawa inalia kila wingu likipita Fort Worth, tunakimbia, tunatoka nje kuangalia, jua kali. Halafu siku moja mchana kwetu mvua ya mawe ikashuka, mawe kama ndimu, kioo cha mbele cha gari la mama Zuhura kikapasuka, redio imekaa juu ya friji kimyaa kama sanamu. Nikaitukana. Nikawaandikia kampuni barua pepe kali ya Kiingereza cha hasira. Baadae ndio nikagundua, 439 ni kaunti ya Tarrant, ya jamaa yangu huko Arlington, sisi Garland ni kaunti ya Dallas, 048113. Na masafa nayo nilikuwa nimenata kwenye mnara wa Fort Worth wa 162.550 wakati wa kwetu ni 162.400. Yaani redio ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, ilikuwa inamlinda jamaa yangu. Nikabadilisha, mambo yakanyooka. (Kampuni walinijibu baada ya siku 19, wakaniuliza kama nimeichomeka kwenye umeme.)

Namba ya kaunti yako utaipata kwenye tovuti ya idara ya hali ya hewa, weather.gov, tafuta mwenyewe usiulize jamaa yako.

Sasa kwa nini uwe na redio wakati simu ipo. Hili swali nimeulizwa sana na mimi mwenyewe nilikuwa naliuliza. Simu ni nzuri, wala siipondi, zile mesej za dharura zinazotetemesha simu zimeanza mwaka 2012 na zimeokoa watu. Lakini simu inaisha chaji, simu inaachwa sebuleni, simu mtu kazima arifa kwa sababu ya yale matangazo ya watoto waliopotea. King'ora cha mtaani nacho watu wanakitegemea kwa makosa, kile kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyeko nje, sio cha kumwamsha mtu aliyelala ndani na feni inavuma na mvua inapiga bati. Na TV? Usiku wa Oktoba 20, 2019, Jumapili, tonado ya EF3 (nguvu zake zinapimwa EF0 mpaka EF5) ilipasua kaskazini mwa Dallas watu wako kwenye TV wanaangalia mechi ya futiboli ya Kimarekani, Cowboys na Eagles, stesheni iliyokuwa inaonyesha ikachelewa kukatisha mechi, baadae ikaomba radhi hadharani. Hakufa mtu usiku ule, hiyo ni rehema tu. Na mwone hiyo ni Oktoba, wala sio springi. Hapa hapa Garland ile kubwa ya EF4 ilipiga Desemba 26, 2015, Krismasi imepita jana yake, na wengi waliokufa walikuwa barabarani ndani ya magari. Springi ndio msimu wenyewe, Aprili na Mei haswa, lakini hizi tonado kalenda hazisomi.

Usiku wetu wenyewe ulikuwa mwezi wa tano springi iliyopita. Mchana wake kundi letu la WhatsApp lilikuwa limeshachafuka, kuna watu pale wanapenda taharuki, mmoja anatuma voisi anasema tonado imefika Oklahoma inakuja mbio kama inafuata mtu, mwingine anatuma ramani ya rangi rangi ya kile kituo cha serikali cha utabiri wa dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, anasema leo ni lavo 3. Hiyo lavo ya kweli ipo, ni ngazi 5 za hatari, 1 ni ndogo 5 ni siku ya kutokwenda kazini kabisa, ila ramani haikuambii saa ngapi itafika kwako. Jioni redio ikatoa wochi. Hapa nieleze kwa walioingia juzi maana wengi wanachanganya: wochi maana yake viungo vyote viko jikoni, itapikwa au haitapikwa hatujui, wewe kaa karibu, vaa nguo zinazoeleweka, chaji simu. Woning ni imeshapikwa, imeonekana kwenye rada au mtu kaiona kwa macho, hapo hutafuti viatu, viatu viwe vimeshakaa tayari.

Tukalala. Simu yangu ilikuwa imezima chaji, ya mama Zuhura iko jikoni. Saa nane na dakika kadhaa usiku redio ikapiga ule ukelele, taa nyekundu inawaka ukuta mzima unakuwa mwekundu, halafu ile sauti ya roboti ya Kiingereza, kama mtu anayesoma risiti, idara ya hali ya hewa Fort Worth imetoa onyo la tonado, inataja kaunti, inataja mpaka saa ngapi. Umeme ukakatika katikati ya sentensi. Redio haikukatika, ikahamia kwenye betri ikaendelea kusoma risiti yake. Hapo ndio nilipoipenda.

Sisi ghorofa ya pili hatuna pa kujificha, kwa hiyo mapema tulikuwa tumeshaongea na jirani wa chini, mzee mmoja Mmeksiko mstaarabu sana, kwamba ikilia tunashuka kwake, bafu lake liko katikati ya nyumba halina dirisha. Hilo la kuongea mapema mkalifanye, usiku ule sio saa ya kujitambulisha. Basi tukashuka, watoto na helmeti zao za baiskeli, mimi na godoro dogo la mtoto, mama Zuhura na mkoba. Na mama mkwe. Jamani. Sijui kwenu ikoje lakini kwetu mkwe na mkwewe hata kupishana mlangoni ni kuinama na kuangalia chini, sasa sisi tumebanana bafuni kwa mtu, mimi nimekaa kwenye kingo ya choo, yeye ndani ya beseni la kuogea na wajukuu, kajitanda kanga mpaka usoni na juu ya kanga kavaa helmeti ya Zuhura ya rangi ya pinki, hanitazami simtazami, yule mzee anatugawia peremende gizani. Dakika 25. Upepo ulikuwa unasikika kama lori linapanda mlima. Tonado haikutugusa, ilikuwa upande wa pili wa kaunti, sisi tulipata upepo na mawe na mti mmoja ulilalia magari ya pale paking. Tulipotoka mama akasema neno moja tu, "Baba Zuhura, tusimsimulie mtu." Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika, kakubali kwa shingo upande.

Hapo hapo kwenye ule upande wa pili wa kaunti ndio ile nyota yangu inapokwenda. Redio inajua kaunti, haijui mtaa. Idara tangu 2007 maonyo yao wanayachora kwa umbo kwenye ramani, linafuata kipande kile tu ambacho dhoruba inaelekea, na mesej ya simu siku hizi inafuata umbo hilo. Redio ya SAME haifuati. Umbo likigusa hata kona ya kaunti, redio inaamsha kaunti nzima, na kaunti ya Dallas sio kijiji. Kwa hiyo utaamshwa mara nyingi bure. Mei ile tuliamshwa mara nne na mara moja tu ndio ilikuwa yetu kweli. Ukiamka unachukua simu unaangalia rada kama iko upande wako, redio ni ya kukuamsha na simu ni ya kukuambia kama unashuka au unarudi kulala. Lakini kama umeme umekata na simu haina chaji, shuka tu, usibishane.

Kitu kinachopunguza maudhi, na hii haipo kwenye kurasa za mwanzo za kitabu, ni kwamba unaweza kuingia kwenye menyu ukazima aina za maonyo usizohitaji. Yangu ilikuja inalia kwa kila kitu, mpaka tangazo la mafuriko ya mto ambao siujui. Sasa usikimbilie kuzima yote. Tonado huwezi kuzima hata ukitaka, safi. Mafuriko ya ghafla mimi nimeyaacha, maana hapa mvua ikipiga saa moja zile barabara za chini ya daraja zinakuwa bwawa, na maji ya inchi 12 tu yanayokimbia yanaweza kuchukua gari dogo, futi 2 yanachukua karibu gari lolote hata hizi pikapu ndefu. Radi kali na upepo nimeacha pia. Hayo mengine nikayazima nikapumua.

Kingine kibaya, betri. Inakula AA 3 za akiba, nikaweka za bei chee nikazisahau, miezi minane baadae nafungua naona unga mweupe wa kijani umetambaa kwenye zile springi za chuma, betri zimevuja. Nilisafisha na mswaki wa zamani na siki kidogo, ikapona. Ungekuwa ndio usiku ule? Sasa natoa betri kila saa zinapobadilishwa, Machi na Novemba, naweka mpya, hizo za zamani zinakwenda kwenye rimoti.

Na lugha. Hii inaongea Kiingereza, kuna sehemu inasoma na Kispaniola, Kiswahili sahau. Kwa nyumba yenye mzazi kama yetu hilo ni tatizo la kweli, maana mchana sisi tuko kazini yeye yuko na mtoto mdogo. Zilizotuokoa ni taa tatu pale mbele: njano ni taarifa, ya machungwa ni wochi, nyekundu ni woning. Tukakaa naye mara moja tukamfundisha, njano achana nayo, ya machungwa tupigie, nyekundu usimpigie mtu, chukua mtoto, teremka kwa mzee. Nimeandika na karatasi nimebandika kwenye friji. Kashika haraka kuliko mimi nilivyoshika ile menyu. Kwa hiyo ukinunua kwa ajili ya mzazi usiangalie bei, angalia kama ina hizo taa za rangi, kuna nyingine zina taa moja tu na maandishi.

Kuhusu pa kuiweka: sio jikoni. Jikoni friji na maikrowevu zinailetea miruzi. Chumbani karibu na dirisha, antena imevutwa juu, na iwe mbali na mkono wa mtoto. Bei ya kwangu ilikuwa dola 38 na senti. Kwa walioko Texas subirini mwisho wa Aprili, kuna wikendi moja jimbo linaondoa kodi ya mauzo kwenye vifaa vya dharura, redio ya chini ya dola 75 imo, betri zimo, tochi zimo. Kwenye dola 38 unaokoa kama dola 3, haitakujengea nyumba, lakini ukichukua na jenereta utaiona. Ila kama leo ni mwezi wa tatu na huna kitu, nunua leo lipa hizo dola 3.

Kwenye ule mkoba tulioshuka nao, kwa anayeuliza: viatu vya kufunga vya kila mtu (nyumba ikishaanguka, chini kote ni misumari na vioo, kandambili hazikusaidii), maji, ile redio nyekundu ya kuzungusha, dawa za presha za mama, na pasipoti na makaratasi yote ya uhamiaji ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu. Hayo makaratasi yakipeperuka kupata mengine ni safari ya mwaka.

Kujua kama redio iko hai, kila Jumatano mchana idara inarusha majaribio, yangu hailii, inawasha taa tu na kuandika kwenye kioo. Hali ya hewa ikiwa imechafuka wanaahirisha ili watu wasichanganyikiwe. Usichanganye na ving'ora vya jiji la Dallas, vile vinajaribiwa Jumatano ya kwanza ya mwezi saa sita mchana, mwaka wangu wa kwanza nilidhani vita imeanza. Kazi ya kuangalia Jumatano kajipa mama mkwe mwenyewe, anasema redio imeripoti kazini au haijaripoti. Wiki iliyopita nikiwa ghalani kazini naona simu yake, moyo ukaruka, anga nyeupe kabisa nje. "Baba Zuhura, mfanyakazi wako leo haijaripoti." Narudi jioni nakuta Zuhura kachomoa waya achajie tableti yake, na betri, ndio, nilikuwa nimezitoa nikaziweka kwenye rimoti.